Mtoto Afundishwe Kusoma, Asikaririshwe

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikiwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya ualimu, niliketi nyuma ya darasa moja la chekechea. Mwalimu aliandika ubaoni neno "baba", nao watoto wakaitika kwa sauti moja: "Bii, ei, bii, ei, baba!" Nilivutiwa. Kisha nikamwomba mwalimu aandike "bata", neno ambalo halikuwamo katika somo la siku hiyo. Watoto wakaitika kwa ukakamavu ule ule, "Bii, ei, tii, ei", halafu wakanyamaza. Hatimaye mmoja akajaribu kwa kunong'ona: "Baba?"

Watoto wale hawakuwa wajinga, wala mwalimu wao hakuwa mvivu. Walifundishwa majina ya herufi kwa Kiingereza, kisha wakatarajiwa kusoma Kiswahili. Hakuna njia ya kutoka "bii, ei" hadi "ba". Aliyelitamka neno la kwanza alikuwa amelikariri umbo lake tu.

Matokeo ya mtindo huu tunayajua. Tangu shirika la Uwezo lilipoanza kazi mwaka 2009, ripoti zake zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi waliofika madarasa ya juu ya shule za msingi hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kila ripoti itolewapo, lawama huanza kurushwa: mara kwa wazazi, mara kwa walimu, mara kwa mtaala. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali la msingi: je, mtoto hujifunza kusoma kwa njia gani?

Wataalamu wamelishughulikia swali hilo kwa kina. Mwaka 1986, Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba ufahamu wa maandishi ni zao la mambo mawili: uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa matamshi, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Walikusudia zao kwa maana ya hesabu. Ukizidisha chochote kwa sufuri, jibu ni sufuri. Mwaka 2000, jopo la kitaifa nchini Marekani lilizichambua tafiti nyingi, likathibitisha kuwa kumfundisha mtoto uhusiano wa herufi na sauti waziwazi, na kwa mpangilio maalumu, humfaa kuliko kumwacha akisie.

Kwa upande huu, Kiswahili kimejaliwa. Mwaka 2003, Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya. Waliojifunza lugha ambazo tahajia yake hufuata matamshi, kama Kifini na Kiitaliano, waliweza mwishoni mwa mwaka wa kwanza kusoma karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa. Wenzao wa Uskoti, waliojifunza kwa Kiingereza, walipata takriban thuluthi moja tu. Tahajia ya Kiswahili inafanana na ya Kifini kwa jambo hili. Tuna irabu tano, kila moja na sauti yake, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Mtoto aliyezishika "ba" na "ta" ataisoma "bata" bila ya kuonyeshwa na mtu. Yasikitisha kwamba tunaipa kisogo neema hiyo na kumwanzishia mtoto safari yake katika njia iliyo ngumu zaidi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kazi ni mteremko. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha mwaka 2003 kuwa kutahajia Kiswahili si jambo jepesi kwa mtoto. Hana budi kutofautisha "ng" ya "ngoma" na "ng'" ya "ng'ombe", kutambua kwamba "m" katika "mti" ni silabi kamili, na kumudu neno kama "hawakutuandikia", ambalo peke yake ni sentensi nzima. Ndiyo maana kiwango cha ufasaha kilichowekwa nchini kwa watoto wa madarasa ya mwanzo kilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, lakini 45 kwa Kiswahili. Anayekipima Kiswahili kwa kipimo cha Kiingereza humwonea mtoto.

Upande wa pili wa zao letu ni lugha yenyewe. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, na sera hiyo imeingia hata katika mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Lakini sera ni jambo moja na vitendo ni jambo jingine. Mzazi huipima chekechea kwa Kiingereza anachokileta mtoto nyumbani, na mwenye shule hulijua hilo. Mtoto akiyatamka vyema maandishi ya lugha asiyoielewa, jibu bado ni sufuri. Aanze na lugha anayoiota usiku, iwe Kiswahili, Kikamba au Kiturkana. Ujuzi wa kuunganisha herufi na sauti atauhamisha baadaye hadi lugha nyingine.

Kwamba jambo hili linawezekana, tumekwisha kuliona. Katika utafiti mmoja uliohusisha shule 101 za Kwale, baadhi ya walimu walipewa miongozo ya masomo, mafunzo mafupi na ujumbe wa simu wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Wanafunzi wao waliwapita wenzao kwa kusoma, na wachache zaidi waliacha shule. Mradi wa Tusome, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2015, nao ulimpa kila mtoto kitabu chake na kila mwalimu mwongozo wake. Ila fedha nyingi za mradi huo zilitoka Marekani na Uingereza, na shirika la misaada la Marekani lilifungwa mwaka 2025. Taifa haliwezi kuitegemea hisani ya wengine ili watoto wake wajue kusoma.

Basi vyuo vya ualimu viwafundishe wanagenzi sauti za lugha, si nyimbo za alfabeti pekee. Serikali itenge fedha za vitabu vya madarasa ya mwanzo. Nawe mwalimu, usiridhike na kiitikio cha darasa zima, hata kama ni "ba, be, bi, bo, bu". Hizo nazo zaweza kukaririwa kikasuku. Mwandikie kila mtoto neno ambalo hajapata kuliona, kisha umsikilize. Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Waliotangulia wametuonyesha namna ya kumkunja. Tukimngojea akauke, tusimlaumu akivunjika.