Mwamba Haupimwi Mara Moja
Hoja iliyochapishwa na baadhi ya wachambuzi, kwamba roboti zenye vipimo vya kisasa zimefanya uletaji wa mawe ya Mirihi duniani kuwa anasa, inasahau kwamba roboti hupima kwa vifaa ilivyorushwa navyo tu, ilhali sampuli, yaani kipande cha mwamba kilichotengwa kwa uchunguzi, huweza kusubiri kifaa ambacho bado hakijabuniwa.

Ushahidi uko Houston, Marekani, ambako sehemu kubwa ya kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezi, zilizoletwa na safari za Apollo kati ya 1969 na 1972, hutunzwa katika makabati yenye naitrojeni, gesi isiyoingiliana kirahisi na madini, ili hewa na unyevu visiyaharibu. Kwa miongo kadhaa wanasayansi wengi walishikilia kwamba Mwezi ni mkavu kabisa. Mwaka 2008, chembe za kioo cha volkeno kutoka shehena hiyohiyo zilipopimwa upya kwa mitambo yenye unyeti mkubwa zaidi, zilikutwa na kiasi kidogo cha maji. Mrija mmoja wa udongo, uliofungwa na wanaanga wa Apollo 17 mwaka 1972, ulifunguliwa mwaka 2022 tu, tena kwa makusudi.

Gharama ni kubwa, na hofu ya kuingiza vijidudu vigeni haistahili kubezwa. Hata hivyo, roboti Perseverance, iliyotua katika kreta ya Jezero mwaka 2021, imekwisha kujaza mirija ya titani kwa mawe ya Mirihi, na hoja ya kuitelekeza mirija hiyo huko haina mashiko.