Usaha Hauanzii Nyumbani

Hoja za wanaomlaumu mgonjwa kwa usaha wa mshono wa upasuaji mmekwishazisikia, wodini na barazani. Nanyi ndio mahakimu.

Wanasema mshono huoza kwa uchafu wa nyumbani: mgonjwa katoka hospitali mzima, karudi na usaha, basi kajitakia mwenyewe. Kidonda kichafu huharibika, hilo silikatai. Lakini mshono uliofungwa vizuri huziba juu kwa takribani siku mbili, ilhali usaha mara nyingi huchomoza kuanzia siku ya tano. Mama aliyezaa kwa kisu huwa ameruhusiwa siku ya tatu. Vijidudu vilivyoingia tumbo likiwa wazi humwivia akiwa kwake. Ndiyo maana maambukizi haya hufuatiliwa hadi siku 30. Anayehesabu mpaka getini, kisha akatangaza kwamba wodi yake haina usaha, amehesabu walioondoka tu.

Hoja waipendayo zaidi ni dawa za kuua vijidudu za siku saba baada ya upasuaji, “kwa usalama”. Kama vijidudu viliingia kabla mshono haujafungwa, dawa imechelewa. Kama vinaingia nyumbani, mbona mgonjwa anayezimeza bado analaumiwa kwa uchafu? Wachague moja. Dawa hutakiwa iwe mwilini kisu kinapogusa ngozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya mkato, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa ajili ya kinga. Watasema hayo ni ya Geneva, kwenye makao ya shirika hilo. Haya, twende Thika, Kenya. Hospitali ya pale iliihamisha dozi kutoka baada ya upasuaji kwenda kabla, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: maambukizi ya juujuu ya kidonda yalipungua. Ya ndani hayakushuka, nami sitayaongezea chumvi. Ila kuacha dozi za baada ya upasuaji hakukuleta balaa lililotabiriwa.

Kuhusu kunyoa kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji, eti ndio usafi, sina maneno mengi. Pitisha spiriti asubuhi pale paliponyolewa. Kila panapowasha pana mchubuko, na ndimo vijidudu vilimolala. Nywele zikiwa kikwazo, kuna mashine ya kuzipunguza.

Imebaki hoja ya umaskini, kwamba kanuni hizi ni za wenye nacho. Tupige hesabu. Kabla ya kisu, kwa kawaida inatosha dozi moja ya sindano. Baada yake, metronidazo peke yake, moja ya dawa hizo za siku saba, kutwa mara tatu kwa siku saba, ni dozi 21. Dawa ikiisha hospitalini, karatasi hupewa ndugu akanunue nje. Ni ndugu yuleyule aliyeambiwa nyumba yake chafu.