Udugu Ni Kufaana, Si Kufanana

Mwaka 2007 simu ya mkononi ilimwonyesha Mkenya nyuso zake mbili. Mwezi Machi huduma ya M-Pesa ilizinduliwa, na mtu aliyeko mjini akaweza kumtumia mamaye kijijini pesa za dawa kwa muda mfupi tu. Mwezi Desemba uchaguzi mkuu ulizua mzozo, na simu hizo hizo zikabeba jumbe za kuwachochea watu dhidi ya majirani zao. Tume ya Jaji Philip Waki iliandika kwamba watu 1,133 walipoteza maisha katika ghasia zile.

Nyuso hizo mbili zingali nasi, na leo hukutana katika makundi ya WhatsApp. Chukua mfano wa kundi la walimu waliosoma chuo kimoja. Jumatatu mwenzao amelazwa hospitalini. Kabla ya jua kutua mchango umekusanywa. Alhamisi mmoja anapenyeza uvumi wa kisiasa, wa pili anamjibu kwa kulitaja kabila lake, wa tatu anatukana. Ifikapo usiku watu wanne wamejiondoa.

Hapana shaka anayetukanwa halazimiki kuvumilia. Hata hivyo, anayeondoka haachi maneno makali pekee. Anaacha pia mchango wa matanga, tetesi za nafasi za kazi na mtu wa kumwazima kitabu. Kwa hiyo aliyemfukuza kwa ulimi amemnyang'anya akiba aliyoichangia kwa miaka.

Wapo wanaoshauri kwamba siasa ipigwe marufuku makundini. Sikubaliani nao. Mishahara, karo na mtaala ni siasa, na mwalimu asiyeruhusiwa kuyazungumza hayo atazungumza nini? Wakati wa ghasia zile serikali ilifikiria kuzima huduma ya jumbe fupi. Kampuni za simu zilipendelea kuwatumia wateja jumbe za amani, na ndivyo ilivyofanyika. Neno ovu lilijibiwa kwa neno jema, si kwa ukimya.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaharamisha matamshi ya chuki, na kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 hakiyapi kinga. Lakini sheria humwadhibu mkosaji baada ya kosa. Haimfundishi mtu kupinga hoja bila kumdhalilisha mwenye hoja.

Funzo hilo tunalo shuleni, katika mdahalo. Mzungumzaji huwaamkua mwenyekiti, waamuzi na mtunza saa, humtaja mpinzani wake kwa heshima, na hudaiwa ushahidi wa anayoyasema. Baada ya matokeo, pande mbili hupeana mikono. Ajabu ni kwamba mwalimu anayesimamia mdahalo huo mchana huusahau usiku akishika simu.

Msimamizi wa kundi na awe mwenyekiti wa kweli. Aulize habari imetoka wapi, amkanye anayetukana mara tu anapotukana, na ampigie simu aliyejeruhiwa kabla hajaondoka. Nanyi wanafunzi, jizoezeni hayo mngali madarasani.

Wahenga walinena kwamba udugu ni kufaana, si kufanana. Kundi lisilofanana kimawazo laweza kuzika wafu wake na kuuguza wagonjwa wake pamoja, mradi wanachama wake wachunge ndimi zao.