Upepo Wetu Tuupime Kwanza

Kwa karne nyingi visiwa vyetu vimeishi kwa upepo. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarejesha. Leo neema hiyo hiyo ya Mwenyezi Mungu inatajwa tena, safari hii kwa ajili ya kuzalisha umeme. Jambo hili si la kufanyiwa mzaha, wala si la kupapiwa.

Wananchi hawajasahau masaibu ya mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani takriban mwezi mzima, wala yale yaliyoanza Disemba 2009 na kudumu miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama. Wenye uwezo walinunua majenereta. Wanyonge walirudi kwenye vibatari. Kiini cha dhiki hiyo kilikuwa kimoja: kisiwa kizima kilitegemea njia moja ya umeme, iliyolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba.

Tangu hapo mengi yamefanyika. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na waya mpya wa megawati 100 ulifika Unguja mwaka 2013. Huko bara, Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Wako basi wanaouliza: upepo wa nini tena? Jawabu letu ni kwamba umeme wa bara, hata ukiwa mwingi namna gani, hautufai kitu siku njia ya kuuvusha itakapokatika.

Wako pia wanaotaka mitambo ya upepo isimamishwe kesho. Hao nao tunawaomba wavute subira. Upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake huongezeka mara nane. Ukipungua nusu, hubaki sehemu moja tu ya nane. Kosa dogo katika kupima kasi huzaa hasara kubwa ya fedha za umma. Na kila mvuvi anajua kuwa kati ya kusi na kaskazi kuna maleleji, upepo unapolegea. Kwa hiyo upimaji hauna budi kufanywa juu ya milingoti mirefu, kwa mwaka mzima au zaidi, Unguja na Pemba.

Tujifunze kwa wenzetu. Huko Turkana, Kenya, mitambo 365 yenye megawati 310 ilikamilika mwaka 2017, lakini umeme wake haukuingia katika gridi hadi mwaka 2018, kwa kuwa laini ya zaidi ya kilomita 400 ilichelewa. Cape Verde, nchi ya visiwa kama sisi, ilijenga mashamba ya upepo katika visiwa vinne, jumla ya megawati 25.5, na yakaanza kazi kati ya 2011 na 2012. Ni kweli pepo zao ni kali kuliko zetu. Lakini wamethibitisha kuwa udogo wa kisiwa si kizuizi.

Lipo jambo moja ambalo viongozi wetu wasilifumbie macho. Mitambo ya kawaida ya upepo hujizima pale gridi inapozima, isipokuwa pawepo betri au majenereta ya kuishikilia. Atakayejenga mitambo bila ya hayo atakuwa ametupunguzia gharama za umeme, lakini hatakuwa ametuondoa gizani. Wala upepo hautachukua nafasi ya waya. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tunashauri, basi, mambo matatu. Vipimo vya upepo vitangazwe hadharani, ili kila mwekezaji ajadiliane nasi tukiwa na hesabu zetu mkononi. Vijana wetu wafunzwe kuitunza mitambo hiyo, kwani chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Na wanavijiji waulizwe kabla ya ardhi yao kuguswa, si baada yake.

Nahodha wa zamani hakungoja kusi ivume ndipo akalafati chombo chake. Kazi ya maandalizi ni yetu, na wakati wake ni sasa.