Mwache Aingie na Flashi Yake

Bandugu na badada wa Kenya, Katuba, Rwashi, Kampemba, Kamalondo, Annexe na mjini kati,

Mwaka huu mwenzetu mmoja, kijana asiyeona tangu utoto, alifika kwenye mtihani wa TP ya kompyuta katika fasi moja ya masomo hapa Lubumbashi. Jina la ile fasi hatulitaji. Si woga. Mambo haya yanafanyika fasi nyingi, na tukitaja moja, zingine zote zitajiona safi. Mfukoni alikuwa na flashi. Ndani ya flashi kulikuwa na NVDA, programu inayosoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye skrini, pamoja na kompaila ndogo ya C aliyoizoea. Ukichomeka ile flashi kwenye mashini ya Windows na kuifungua NVDA iliyo ndani yake, mashini inaanza kusema. Hauhitaji kuiingiza ndani ya mashini, hauhitaji ruhusa ya fundi.

Msimamizi akamsimamisha mlangoni: «Flashi apana. Iko na virusi.» Kijana akaomba waipime kwanza mbele yake. Akaeleza kazi yake polepole, kwa heshima, papa huyu, papa kule. Jibu likawa: «We haumone, utafanya nini na mashini?»

Wakamtafutia mtu wa kumwandikia kwa biki. Binti wa ofisini, mwenye roho nzuri, lakini hajawahi kuona kodi maishani (tunasema kodi za kompyuta, si zile za leta). Kijana akisema «fungua akolade», binti anaandika neno «akolade». Akisema «nukta-mkato», binti anaweka nukta, halafu mkato kando yake. Baadaye asistenti akapiga ile karatasi kwenye mashini vile ilivyoandikwa, na kompaila ikatapika makosa kuanzia mstari wa kwanza. Sifuri. Matokeo yakabandikwa ku valve, karatasi juu ya karatasi, na rafiki yake njo alimsomea sifuri yake kwa sauti mbele ya watu.

Sisi tunakataa ile sifuri. Na tunataka mjue kwa nini, juu wengi wenu, hata ndani ya harakati yetu, mlipoisikia hii habari mlisema: «Lakini kweli, kipofu na programu, wapi na wapi?»

Kompaila inataka nini? Inataka faili ya maandishi. Inaisoma, inatoa programu, au inatoa orodha ya makosa, nayo ni maandishi. Basi. GCC inafanya hivyo tangu 1987. Haijali kama aliyeandika anaona, au amelala kitandani na klavye juu ya tumbo. Kati ya kazi zote za ofisi mjini hapa, kuandika programu njo kazi ambayo macho yanahitajika kidogo zaidi. Kupiga mihuri kunahitaji macho kuliko hiyo.

Tulienda kwake Katuba tukamuangalia akipanga mashini yake. Ni mashini ya okazioni, herufi za klavye zimefutika na vidole vya wenyewe wa kwanza, jambo ambalo kwake halina maana yoyote. Kitu cha kwanza ni sauti. Kwenye Windows anabonyeza Control, ile alama ya Windows, na Enter, na mashini inaanza kusema, hata katikati ya kuingiza Windows yenyewe. Akitaka Linux ya Debian, anawasha na kusubiri mlio, anabonyeza herufi s na Enter, na inamuongoza kwa sauti toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu NVDA. Sauti yake ya eSpeak inajua Kifaransa na Kiswahili pia, ijapokuwa Kiswahili chake ni kama mtu anayesemea ndani ya ndoo. Ameiweka mbio sana. Sisi tulisikia nyuki tu.

Kisha anafanya kitu ambacho yule msimamizi hakujua kama kipo. Kwa kawaida NVDA inaruka alama nyingi za kuandika, juu msomaji wa gazeti hazihitaji. Mtu wa programu anazihitaji zote. Basi anabonyeza Insert na P mpaka sauti imwambie alama zote zitasomwa. Kuanzia hapo hakuna akolade wala nukta-mkato inayopita kimya. Na kwa Python, ambako nafasi za mwanzo wa mstari njo zinaamua maana, ameiambia NVDA itoe mlio kila nafasi inapobadilika: mstari ukiingia ndani zaidi, mlio unapanda. Anasikia umbo la programu yake. Tulikaa pale kama dakika kumi, watu wanne wenye macho, tukitafuta kosa la nafasi moja kwenye skrini. Yeye alikuwa amekwisha kulisikia, akatuacha tuendelee kutafuta kwanza, anacheka.

Kuingiza kompaila yenyewe, hapo njo kuna shida, na shida haitoki kwa macho yake. Inatoka kwa waliotengeneza dirisha la kuingizia: vitufe vya picha bila majina. Sauti inasema «kitufe, kitufe, kitufe», na hujui kipi ni ndiyo na kipi ni hapana. Kwa hiyo anakimbia madirisha, anatumia amri za kuandika. Anaweka folda ya kompaila kwenye PATH, ile orodha ya fasi ambamo mashini inatafuta programu. Kosa la hapo linawaangusha hata wanaoona, tunajijua. Tena makosa ya kompaila yakipita mbio kwenye dirisha jeusi, sauti haiwezi kuyafuata vizuri. Dawa yake ni mstari mmoja: gcc kazi.c 2> makosa.txt. Makosa yote yanaingia kwenye faili, anaifungua, anasoma polepole: mstari wa 12, alama ya 5, imekosekana nukta-mkato. Anabonyeza Control na G, anaandika 12, amefika. Siku hizi kuna pia Visual Studio Code inayoelewana vizuri na NVDA, F8 inakupeleka kwenye kosa linalofuata, lakini kwa mashini yake ya zamani ni mzigo.

Na siku ya delestaji? Skrini ameizima mwanga kabisa, betri inadumu. Giza likiingia Katuba sisi tunatukana SNEL, yeye anaendelea kuandika.

Sasa mtu huyu njo aliambiwa hawezi kufanya kitu na mashini.

Na zile programu zinazomsaidia, ziliandikwa na nani? NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, na James Teh akaungana naye. Wote wawili hawaoni. Waliiandika kwa sehemu kubwa kwa Python, wakaitoa bure, na kodi zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Kabla yao Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza macho kwenye ajali ya gari, alitoa JAWS mwaka 1989. T. V. Raman, kipofu, mtaalamu wa kompyuta, alitengeneza Emacspeak ili aandike programu kwa kusikia. Saqib Shaikh haoni, na ni injinia wa Microsoft. Hatutafuti mashujaa wa kubandika ukutani. Tunasema tu kwamba mlango uliofungwa hapa kwetu, watu waliufungua zamani, tena kutoka upande wa ndani.

Mtasema hao ni Wazungu na watu wa Marekani. Haya, njooni karibu. Nchi ya Kenya (si commune yetu), shirika la inABLE lilianza mwaka 2009 kuweka vyumba vya kompyuta kwa wanafunzi wasioona, likianzia shule ya vipofu ya Thika. Toka hapa mpaka Thika si mwezini.

Tunazijua sababu ambazo bakubwa watatoa. Ya kwanza: hakuna pesa. NVDA ni franka sifuri. Kuiweka kwenye mashini zote za chumba kimoja ni kazi ya asubuhi moja ya kijana mwenye flashi, ile ile mliyoikataza. Python kuidaunlodi ni kama mega 30 tu. Pesa ya kuweka kamera kwenye chumba cha mtihani ilipatikana. Na leta hii hii, mwaka 2020, ilijua kufika mpaka ndani ya simu ya kila mmoja wetu kukata unite za RAM, mpaka kelele za wananchi zikaifuta 2022. Kwenye kukata, teknolojia inawezekana.

Sababu ya pili ni ile inayosemwa kwa upole, na njo inatuuma zaidi: «Hawa kwanza wapewe kula, wapewe fimbo, mambo ya programu yatakuja.» Nani aliwaambia kwamba mtu anachagua kati ya fimbo na mashini? Tunawaona vipofu kwenye makutano ya barabara, mkono begani mwa mtoto ambaye naye alipaswa kuwa darasani. Tunatoa franka mia mbili, tunajisikia wazuri, tunapita. Mtu anayejua kuandika programu anaweza kulipwa akiwa nyumbani kwake, bila kuvuka barabara hata moja ya mji huu. Kumnyima TP ni kumrudisha pale kwenye makutano, halafu kumpa mia mbili.

Sheria? Iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee kulingana na mahitaji yake. Nchi yetu iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki zao. Mwaka 2023 tukapata hata kitabu kizima cha sheria za dijitali. Bakubwa walipigiana makofi. Hakuna hata mstari mmoja kati ya hizo uliofika kwenye mlango wa kile chumba.

Na sisi? Tusijifiche. Taarifa zetu wenyewe, karibu zote, tunazitoa hivi: tunaandika, tunachapisha kwenye karatasi, tunatia sahihi na muhuri, tunapiga picha, tunaweka picha. Ni nzuri, inaonekana ya kweli. Kwa mwenzetu ni «picha», neno moja, na kimya. Amekuwa nasi kwenye maandamano na kwenye kazi za salongo, na hajawahi kusoma taarifa yetu hata moja bila kumwomba mtu. Alituambia hilo siku ile Katuba, bila hasira, kama mtu anayesema kuhusu mvua. Tuliona haya. Silabusi zinazouzwa kwenye vyuo, fotokopi ya fotokopi iliyogeuzwa PDF, ni kosa lile lile, na wale tunaowalaumu wanaweza kutucheka. Kuanzia taarifa hii, kila kitu chetu kitatoka kama maandishi, na picha ikiwepo itakuwa na maelezo chini yake.

Tunachodai kwa vyuo na vituo vyote vya mafunzo vya Haut-Katanga, vya leta na vya watu binafsi, hakihitaji tume. NVDA iwekwe kwenye kila chumba cha kompyuta, na mwanafunzi asiyeona aruhusiwe kuingia na vifaa vyake. Mkiogopa virusi, vipimeni siku moja kabla, mbele yake. TP ipime kama programu inafanya kazi. Isipime kama mtu alibonyeza kile kitufe ambacho mwalimu alikibonyeza kwenye projekta. Silabusi itolewe kama faili ya maandishi siku ile ile ya fotokopi. Na mwenzetu arudishiwe mtihani wake, na klavye mbele yake.

Barua ya kudai mtihani huo imekwisha kuandikwa. Aliiandika yeye mwenyewe, sisi tulisahihisha makosa mawili ya Kifaransa, naye akasahihisha matatu ya kwetu. Jumatatu tunaipeleka kwa mkono, kumi na watano, pamoja naye. Anayetaka kuja aje na kitambulisho cha mwanafunzi, na aje na flashi: tukitoka pale tunakaa chini ya miti, na yeye atamwekea NVDA kila mtu atakayetaka, ili muende kuijaribu nyumbani macho yakiwa yamefungwa.