Bukavu: Kabla ya pompi ya pombe, mwenye nyumba atengeneze waya

Mama anayepika pombe ya mtama nyumbani Bukavu anajua uzito wa sufuria ya lita 50. Pombe ikishapikwa inapaswa kuhamishwa ingali moto, iende katika pipa kupoa kabla ya kutiwa chachu. Watu wawili wanashika masikio ya sufuria na kupita nayo katika kijia chembamba ambamo watoto wanacheza. Kwa familia zilizokimbia vita, ambazo mara nyingi zinalala watu wengi katika chumba kimoja, jiko na kitanda ni jirani. Mmoja akiteleza, anayeungua huenda si mpishi.

Ndiyo maana pompi ndogo ya umeme, inayosukuma pombe moto kwa mpira kutoka sufuria hadi pipa, isihesabiwe kuwa anasa. Lakini si kila mtu anaihitaji. Mama wa kasiksi, kwa mfano, asidanganywe na muuzaji: maji ya ndizi yanakamuliwa baridi, yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, basi. Jagi linamtosha. Na mwenye nyumba iliyo kwenye mteremko (nani Bukavu hana mteremko?) anaweza kuweka sufuria yenye robinet juu, pipa chini, pombe ikashuka yenyewe. Mlima hauna faktira ya SNEL.

Anayeihitaji kweli achague vizuri. Pompi ya kisima haifai, kwa kuwa plastiki na mipira yake mara nyingi haikutengenezwa kwa maji moto wala kwa kinywaji. Ile ya kuzamishwa ndani ya maji isiingizwe kabisa katika pombe ya kunywa watu. Inayofaa ni ya kuwekwa nje, iliyoandikwa kwamba inavumilia joto la digrii 100 na vyakula. Nyingi za aina hiyo hazivuti hewa: lazima zikae chini kuliko robinet ya sufuria ili zijae zenyewe kabla ya kuwashwa. Ukitaka kupunguza mwendo, funga kidogo upande wa kutokea, kamwe si upande wa kuingilia. Kwenye mwinuko wa Bukavu, karibu mita 1500, maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Pombe inayokaribia kuchemka ikivutwa kwa shida inatoa mapovu ndani ya pompi, nayo inapiga kelele bila kusukuma kitu.

Hata hivyo hatari kubwa haiko katika pompi. Pompi ya namna hii inakula wati chache tu. Anayepika kwa umeme kuepuka bei ya makala anatumia rezistansi ya wati 3000, ambayo kwa volti 220 inavuta karibu ampea 14. Kupasha lita 50 kutoka digrii 20 hadi kuchemka kunaomba zaidi ya saa moja na nusu, na muda huo wote waya inabeba mzigo. Umeme ukishuka hadi volti 160, nguvu inabaki kama nusu na muda unarefuka mara mbili. Sasa fikiria waya mwembamba mmoja unaolisha nyumba tano za mbao. Kadutu inajua moto unavyokimbia kutoka ubao hadi ubao.

Hapa ndipo wenye nyumba wanapaswa kuambiwa wazi. Wanapokea kodi kila mwezi, wanajua mpangaji anapika pombe, lakini waya wanamwachia yeye. Mkimbizi aliyefika na bidoni mbili na watoto wanne atanunuaje kebo nene, waya wa ardhini na disjonkteri ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapopitia mwilini mwa mtu? Na bila hiyo, pompi inayokaa chini penye maji haipaswi kuwashwa hata mara moja. Wamama wa parseli moja wangeweza kupika kwa zamu mahali pamoja, kwenye laini moja iliyotengenezwa na fundi, na mwenye parseli akachangia.

Delestage ikikatisha kazi, chomoa rezistansi na pompi zote mbili palepale. Umeme ukirudi usiku wakati sufuria imebaki tupu, rezistansi inaungua na pompi inazunguka kavu mpaka iharibike, huku watu wamelala.