Maziwa yetu yanakufia njiani, siye tunauziwa unga

Vijana wenzangu, ingieni leo kwenye butike yoyote ya Goma, iwe Katindo, Ndosho ao Majengo. Juu ya mlango mutaona sashe za maziwa ya unga zimetundikwa kama shanga. Ziko hata za bei ya mutoto, kijiko kimoja ndani. Chukua moja, igeuze, soma maandishi madogo ya nyuma. Zingine hazisemi hata ni maziwa. Zinasema ni maziwa yaliyotolewa mafuta yake, kisha yakaongezwa mafuta ya mimea. Yaani siagi ya ngombe ilibaki Ulaya, siye tukachanganyiwa mabaki na mafuta mengine, mara nyingi mawese. Mawese! Congo hii iliyokuwa inauzia dunia mawese wakati wa ukoloni, leo inayanunua yamefichwa ndani ya maziwa.

Sasa inua macho, tazama upande wa magharibi. Kilomita karibu 25 uko Sake. Ukipanda tu, umeingia Masisi. Baridi, mvua, majani ya kijani karibu mwaka mzima, na mbung'o hawafiki kule juu. Wabelgiji waliona ile mafasi wakaweka fermu, wamisionari wakafundisha watu kutengeneza fromaji. Mpaka leo, mugeni akitoka Goma anabeba fromaji ya Masisi kupelekea wa kwake Kinshasa. Tunajivunia ile fromaji, na mimi pia najivunia.

Lakini mulishajiuliza juu ya nini Masisi inatutumia fromaji na si maziwa? Nilisoma ufugaji miaka mitano, acha niwaambie. Maziwa yakitoka kwenye ngombe yanapaswa kushushwa mpaka digri 4 ndani ya masaa machache. Bila vile yanaanza kuchacha, na jua likitoka ndiyo mbio zaidi. Masisi, karibu na malisho, hakuna umeme, hakuna tanki ya baridi, hakuna barabara. Basi mufugaji anafanya nini? Anachukua lita karibu 10 anatoa kilo 1 ya fromaji, juu fromaji inaweza kulala njiani siku tatu, inaweza kusubiri kwenye bariere, inaweza kuanguka na moto na bado ikauzwa. Ile fromaji tunayosifia ni njia ya mufugaji ya kukimbia barabara mbaya. Na mutoto wa Goma hanywi fromaji.

Niko na baba mudogo anayeleta maziwa muji na moto yake. Bido mbili za lita 20, zile za njano zilizokuwa na mafuta. (Najua, kwenye chuo walitufundisha bido ya plastiki haisafishiki vizuri. Yeye pia anajua. Chombo cha aluminiamu kinagharimu pesa ambayo hana.) Anatoka saa kumi ya usiku. Siku moja ya mvua tope likamushika, bariere zikamushika, akafika Goma saa saba ya mchana. Mama anayemununuliaga akachota kijiko kimoja, akakiweka juu ya moto wa makala. Maziwa yakakatika pale pale. Mama hakugombana, alisema tu: "Muzee, haya siwezi kuyachukua, batoto ya batu batagonjwa." Na alikuwa na haki. Lita 40 zikamwangwa kwenye mufereji. Lakini zile feza alizotoa kwenye kila kamba, hakuna mutu aliyemurudishia. Bariere inakula hata maziwa yaliyokufa.

Hapa ndipo kuna shida yenyewe, wandugu. Watu wanatuambia ngombe zetu ni za kienyeji, hazitoi maziwa mengi, wafugaji hawajasoma. Ni kweli kidogo. Lakini hata ukileta kesho ngombe ya Uholanzi inayotoa lita 30 kwa siku, utakuwa umeongeza maziwa ya kumwanga, basi. Kati ya zizi na sufuria yako kuna watu wanaoishi na ile njia. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 kwenye Kivu zote mbili. Mia saba tisini na nane! Za jeshi, za polisi, za ofisi za kodi, za vikundi vya silaha. Dereva wa madini anaweza kupatana nao na kupita siku inayofuata. Maziwa hayajui kungoja. Mwenye kamba anajua hivyo, ndiyo maana anakukazia zaidi.

Tangu M23 ishike Kitchanga na Mushaki mwanzoni mwa 2023, kisha Goma yenyewe Januari 2025, bendera ilibadilika lakini kodi ya njia haikuisha. Benki zilifungwa, mama wa maziwa anafanya kazi na feza ya mkononi, ya kuchakaa, ambayo kila mutu anaikataa. Na tuseme wazi pia: kabla yao, wakati bendera ilikuwa ya Leta, baba mudogo alikuwa anatoa vile vile. Anayewaambia kwamba wizi wa njia ulianza na M23 anawadanganya. Anayewaambia kwamba M23 imeumaliza, ni bongo pia.

Kuna vijana wataniandikia: "Ndugu, batu bako banakufa, wewe unasema maziwa?" Ndiyo, nasema maziwa. Kinshasa hakuna M23. Lubumbashi hakuna M23. Na kule pia mutoto anakunywa unga. Vita imetubomolea mengi: miaka ya 1990 ngombe za Masisi ziliibiwa na kuchinjwa karibu zote, na waliojaribu kurudisha mifugo waliibiwa tena. Lakini vita haikumukataza mukubwa wa Kinshasa kuweka tanki ya baridi mafasi ambako hakuna hata risasi moja.

Tuko na Wizara nzima ya Uvuvi na Ufugaji. Iko na waziri, magari, wakurugenzi. Mwaka 2003, kule Maputo, wakuu wa inchi za Afrika waliahidi kutia 10% ya bajeti kwenye kilimo na ufugaji ndani ya miaka mitano. Imepita zaidi ya miaka 20, Congo haijafika hapo. Wakatutengenezea Bukanga-Lonzo mwaka 2014, eti itakulisha inchi. Munajua iliishia wapi: Mei 2025 Korti ya Katiba ilimuhukumu waziri mukuu wa zamani Matata Ponyo juu ya pesa zilizopotea mule, zaidi ya dola milioni 200. Piga hesabu wewe mwenyewe, ni tanki ngapi za baridi. Na rais anaendelea kutuimbia kwamba udongo wa juu utalipiza kisasi juu ya udongo wa chini. Udongo wa juu uko Masisi unangoja. Pembeni yake, Rubaya, kila mwenye bunduki alijua njia ya kutoa coltan. Ya kutoa maziwa, hakuna aliyeitafuta.

Mutu mwingine atasema unga ni wa bei rahisi, tuache soko lifanye kazi. Soko gani? Tarehe 1 Aprili 2015 Umoja wa Ulaya uliondoa kipimo cha maziwa ambacho kila inchi yake haikupaswa kupita. Maziwa yakazidi, wakakausha, wakatafuta mafasi ya kuuzia. Simukasirikii mufugaji wa Ubelgiji. Yeye Leta yake inamusaidia, barabara inafika mpaka mlangoni, gari la baridi linakuja kuchukua. Baba mudogo, Leta yake inamungojea na kamba. Halafu munawashindanisha na kusema mushindi ameshinda kwa haki.

Angalieni Uganda. Mwaka 1998 walitunga sheria ya maziwa, wakaunda mamlaka ya kuisimamia. Upande wa Mbarara kuna vituo vyenye tanki za baridi karibu na malisho, mufugaji analeta asubuhi, anapimiwa, anaandikwa, anarudi nyumbani. Leo maziwa yao ya karatasi yanakuja kuuzwa kwetu. Si malaika: Februari 2022 korti ya La Haye iliwaamuru kulipa Congo dola milioni 325 juu ya vita yao ya 1998 mpaka 2003. Rwanda pia iko na programu yake tangu 2006, ngombe moja kwa jamaa masikini, na maziwa yake yanavuka mpaka, huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaandika kwamba jeshi lake liko nyuma ya M23. Inauma. Lakini kukasirika hakujazi kikombe cha mutoto. Kama jirani aliyetufanyia mabaya anatushinda hata kwa maziwa, aibu ni ya nani?

Na kuna neno tunaliogopa, nitalisema. Hapa Kivu wamefanya ngombe ikuwe na kabila. Ngombe ikipita kwenye shamba la mutu, hatusemi tena "mali ya fulani imeharibu maharagi yangu", tunasema "wale watu". Wenye silaha wanakata ngombe miguu kule Masisi, kule hauts plateaux za Uvira, kule Djugu, na kuna vijana kwenye telefoni wanafurahi. Unafurahia nini? Ile ilikuwa maziwa ya mutoto. Mwenye shamba na mwenye ngombe wote wawili wanabanwa kwenye kipande kidogo, huku eneo kubwa la vilima ni la wakubwa. Baada ya 1973, Mobutu alipochukua mali za wageni na ardhi ikawa yote ya Leta, fermu za wazungu ziligawiwa kwa watu wenye jina, wengi hawakai huko. Mulimaji anapigana na muchungaji. Mwenye karatasi ya fermu yuko muji, hata haisikii ile kelele.

Mimi diplome yangu iko chini ya godoro. Niliomba kazi mafasi moja, wakaniuliza uzoefu wa miaka mitano. Wenzangu tuliomaliza pamoja, mumoja ni motari, mwingine anauza unite. Tunajua kupima maziwa, kutibu ngombe ya ugonjwa wa kupe, kuandika daftari ya kituo. Tungetosha kuendesha vituo kumi kuanzia mwezi ujao. Hatuombi kila mumoja apewe ofisi na kiti cha kuzunguka.

Tunachotaka hakihitaji kongamano kwenye hoteli. Maziwa yasitozwe franka hata moja njiani, na nani yeyote, mwenye cheo ao mwenye bunduki. Tanki za baridi za jua ziwekwe karibu na malisho, zianzie hata mafasi yenye usalama. Pesa ya forodha inayotoka kwenye unga ionyeshwe inaenda wapi. Hospitali na shule zinazonunua maziwa kwa feza ya raia zianze kununua ya hapa.

Na wewe unayesoma, kuna kazi kwako kuanzia kesho asubuhi. Ukimuona muleta maziwa anafika muji, muulize alitoa ngapi na kwenye bariere ngapi, na kama alipewa jeton, ipige picha. Tutumie bei ya lita kwenye kartie yako, siku na saa. Usipige uso wa mutu, ficha jina, ficha namba ya moto. Jeton peke yake inatosha.